Ejnar Riis, Mwalimu Aliyeficha Kurasa za Mwisho

9 Machi 1943 – 5 Novemba 2024

Wasifu huu umeandikwa na kusomwa na mdogo wake, Gudrun Riis, katika kanisa la Karby, Jumamosi tarehe 9 Novemba 2024

Huyu tunayemsindikiza leo, Ejnar Riis, alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 9 Machi 1943, katika shamba la wazazi wake, Niels na Kirstine Riis, hapa hapa Karby, kisiwani Mors. Alikuwa kifungua mimba wao. Ulikuwa wakati wa vita, madirisha yote yamezibwa kwa vitambaa vyeusi ili taa zisionekane kutoka angani, na mkunga aliyekuja kwa baiskeli aliizunguka nyumba akipapasa ukuta kwa sababu hakuuona mlango. Alipoingia, mtoto alikuwa ameshatoka. Baba yao alipenda kusema kwamba mwanawe alikuja duniani gizani bila msaada wa mtu, ndiyo maana baadaye hakusikia la mtu. Miaka mitatu baadaye akazaliwa Gudrun, anayewasomea haya. Gudrun akawa mkunga, akatumia maisha yake kushughulika na mianzo ya watu. Kaka yake alitumia ya kwake kushughulika na miisho. Waligombana juu ya jambo hilo tangu utotoni mpaka wiki hii, na sasa amebaki mmoja tu wa kugombana, jambo ambalo halina utamu hata kidogo.

Marehemu alianza shule ya kijiji mwaka 1950. Alikuwa mtoto wa kusoma mahali popote, hata pasipofaa. Akitumwa kupalilia viazi alikutwa amelala kwenye mtaro na kitabu kimemfunika uso, na sauti ya baba yao ilisikika mpaka barabarani: "Ejnar! Magugu hayatishwi na vitabu!" Mwaka 1957 alijiunga na shule ya kati mjini Nykøbing, kisha mwaka 1963 akavuka maji kwenda chuo cha ualimu cha Ranum, alikohitimu mwaka 1967. Siku ya kuhitimu mama yao alimpa sweta ya kahawia aliyoifuma mwenyewe. Ilipotoboka kiwikoni ilishonwa na mke wake, ilipotoboka tena ilishonwa na binti yake, na safari ya tatu ilishonwa na mjukuu wake. Wale wanaojiuliza kimoyomoyo amevaa nini humo ndani ya jeneza, ndiyo hiyo hiyo. Familia ilijadiliana kuhusu suti, lakini mjadala haukuchukua muda mrefu.

Mambo ya ndoa yake lazima yatangulie mambo ya kazi yake, maana kazi ilitoka kwenye ndoa. Mwaka 1969, akiwa mwalimu kijana, alimwazima kitabu cha hadithi fupi msichana aliyeuza dawa katika duka la dawa la Nykøbing, Asta Nørgaard. Asichokijua ni kwamba mama yao alikuwa amechana ukurasa wa mwisho wa hadithi mojawapo akautandika kwenye bati la keki. Keki ililiwa, na ukurasa ukatupwa pamoja na masizi. Asta alirudi na kitabu mkononi, uso umemwiva kwa hasira.

"Mwalimu, umenipa hadithi iliyokatwa miguu! Yule dada wa kinu cha unga aliolewa na nani?"

Ejnar naye hadithi ile alikuwa hajaisoma. Lakini hakuwa mtu wa kukubali kwamba hajui, hasa mbele ya msichana yule.

"Wewe unadhani aliolewa na nani?" akamuuliza.

"Mimi nikuulize, na wewe uniulize?"

"Nenda kafikiri. Njoo Alhamisi, kahawa nitapika mimi."

Asta alienda Alhamisi, akaenda na Alhamisi zilizofuata, na walifunga ndoa katika kanisa hili Jumamosi tarehe 12 Juni 1971. Walijaliwa watoto wawili, Lisbet na Torben. Kitabu kizima walikuja kukipata baadaye kwenye mnada wa vitu vya marehemu fulani huko Tæbring, wakausoma mwisho wa kweli wakiwa wamesimama uwanjani, na wote wawili wakakubaliana kwamba haukuwa mzuri kama ule waliojitungia. Asta alitangulia mbele ya haki mwaka 2009. Tangu hapo Ejnar alipika kahawa ya watu wawili na kunywa yote.

Kuanzia Agosti 1967 hadi Juni 2006 marehemu alifundisha lugha na historia katika shule moja ya Nykøbing, na wengi mlioketi humu mlipita mikononi mwake. Mnajua alivyofanya. Alisoma hadithi kwa sauti, darasa limetulia, na alipokaribia mwisho alifunga kitabu, akakiweka chini ya kwapa na kuuliza: "Inaishaje?" Hakuna aliyepewa ukurasa wa mwisho kabla ya kusema anavyodhani. Huruhusiwi kusema "sijui." Unaruhusiwa kukosea kadiri upendavyo. Mzazi mmoja aliwahi kwenda kulalamika kwamba mwanawe hali chakula kwa sababu ya hadithi ya bahari na mwenye kivuko, na Ejnar alimkaribisha mzazi kiti, akamsimulia hadithi yote isipokuwa mwisho, akamrudisha nyumbani naye hana hamu ya kula.

Sasa tufike kwenye lile ambalo familia imeona lisemwe wazi, kwa idhini ya mwenyewe mhusika.

Mwezi Novemba 2015 mkwe wa marehemu, Jesper, mume wa Lisbet, alifariki kwa saratani akiwa na miaka arobaini na tatu. Binti yao wa pekee, Signe, alikuwa na miaka kumi na tatu. Baada ya Krismasi alirudi shuleni, akafika langoni, akatapika, akarudishwa nyumbani. Kesho yake vilevile. Ikawa hivyo mpaka Pasaka, na kufikia hapo mtoto alikuwa haongei tena. Haukuwa ukaidi; maneno yalikuwa hayatoki. Kwetu sheria inamruhusu mzazi kumfundisha mtoto nyumbani mradi manispaa ijiridhishe kwamba anajifunza kweli, kwa hiyo Lisbet alimwendea baba yake.

"Baba, mfundishe wewe."

"Mimi nimezeeka, Lisbet. Hesabu zote zimenitoka."

"Hesabu nitamfundisha mimi jioni. Wewe mpe hadithi."

Wakaanza Agosti 2016, mezani jikoni, saa mbili asubuhi Lisbet akienda kazini Thisted. Ejnar alichagua hadithi kama alivyozichagua siku zote. Alichukua zile fupi za zamani zinazoheshimika, ambazo kila mwalimu wa nchi hii anazo kabatini, akazichapa upya kwa mashine yake, akazitenga kurasa za mwisho na kuzificha kwenye sanduku la mkate mweusi. Alisoma, akasimama, akauliza: "Inaishaje?" Signe alitazama dirishani. Ejnar alingoja. Alikuwa na subira ya mtu aliyefundisha wavulana wa kijijini majira ya kuvuna. Lakini majira yalipita, kurasa zikajaa kwenye sanduku mpaka mkate ukakosa nafasi, na mtoto hakuulizia hata mmoja.

Februari 2017 akaja mkaguzi wa manispaa, Bi Hedegaard, mama mpole mwenye skafu ya manjano. Alimuuliza Signe anasoma nini. Signe akaangalia kitambaa cha meza. Akamuuliza hadithi ipi imempendeza. Kitambaa cha meza. Bi Hedegaard alimngoja kwa muda mrefu kuliko alivyolazimika, kisha akamgeukia Ejnar.

"Mwalimu Riis, ulimfundisha mume wangu, mpaka leo anakuogopa. Lakini siwezi kuandika kwamba mtoto huyu anasoma fasihi wakati sijaisikia hata sauti yake."

"Anasikiliza," akasema Ejnar.

"Huenda. Nitarudi Mei. Nikikuta hali ni hii hii, mwezi wa nane itabidi arudi darasani. Si mimi, ndivyo sheria ilivyo."

Signe aliposikia neno darasani alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Ejnar aliiona hiyo mikono. Aliwahi kumwambia dada yake kwamba hakuna alichowahi kukiogopa kama ile mikono.

Kesho yake alisoma kama kawaida, hadithi ya mvuvi wa mikunga na mkewe, moja ya zile alizozipenda zaidi. Alipoweka karatasi chini na kuuliza inaishaje, sauti ikatoka, kavu, kama mlango wa ghala ambao haujafunguliwa tangu kiangazi.

"Anakufa."

Ejnar alinyanyuka karibu apindue kahawa. Lakini mtoto alikuwa hajamaliza.

"Wote wanakufa, babu. Ya kwanza alikufa, ya pili alikufa, zote. Sihitaji huo ukurasa. Huwa najua."

Na alikuwa amepatia. Tangu Agosti alikuwa akisikiliza kila neno, na kila mara alikuwa amepatia. Kwa hadithi zote alizozichagua yule mwalimu mwenye sifa zake, mtoto aliyemzika baba yake alikuwa ameketishwa kila asubuhi kwenye mazishi mengine.

Jumapili ile Ejnar alimpigia simu dada yake aje. Gudrun alimkuta sebuleni amekaa sakafuni, rafu zote tupu, vitabu vimemzunguka mpaka mlangoni, na analia. Hakuwa amemwona akilia tangu utotoni, hata siku ya maziko ya Asta. Alivua koti, akakaa sakafuni naye, magoti yakamlalamikia.

"Hii?" akauliza, akiinua kitabu.

"Anazama."

"Hii nyembamba?"

"Anaganda kwenye theluji, karibu kabisa na mlango wake."

"Na hii ya mwenye farasi?"

"Humo hafi mtu."

"Afadhali."

"Anakufa farasi."

"Ejnar! Miaka yote ile ulikuwa unawafundisha watoto wa watu au unawazika?"

"Ndiyo fasihi yetu, wewe. Sikuitunga mimi."

"Basi tafuta iliyotungwa na mtu aliyekuwa ameshiba."

Ejnar alicheka, huku machozi bado yanamtoka, na hapo kazi ikaanza kweli. Gudrun alipendekeza hadithi za kufurahisha, zenye harusi na watoto wa mbwa. Ejnar alikataa katakata. "Simpi peremende," alisema. "Huyu mtoto akinusa tu kwamba nambembeleza, basi, nimempoteza." Akazungusha kitabu mikononi, kisha akasema jambo ambalo Gudrun amelikumbuka wiki hii nzima: "Nitampa zile tu zilizonishinda mimi. Zile ambazo nilipozisoma mara ya kwanza nilikosea mwisho wake." Hilo likawa sharti. Si hadithi maarufu, si ile iliyomo kwenye mitaala, si ile ambayo watu wazima wanasema ni lazima kijana aijue. Jioni ilipoingia walikuwa wameweka kando rundo dogo tu, na mwalimu aliyezisoma hadithi maisha yake yote akasikika akinung'unika kwamba ni aibu jinsi ambavyo dunia imemshangaza mara chache.

Ya kwanza ilikuwa ya ndugu wawili wa kule nyikani waliokuwa na koti moja la heshima. Jumapili hii huyu analivaa kwenda kanisani, Jumapili ijayo yule, na kwa hiyo kwa miaka mingi hawajawahi kukaa benchi moja. Siku moja wanaalikwa wote wawili kwenye ubatizo. Usiku wa kuamkia siku hiyo koti linaning'inia kwenye msumari katikati ya vitanda vyao, na hakuna anayelala. Ejnar akaweka karatasi chini.

"Inaishaje?"

Signe alilikodolea macho lile sanduku la mkate.

"Mmoja anakufa. Mwingine anabaki na koti."

"Umekosea."

"Wanaligombania, linachanika."

"Umekosea."

"Babu, acha basi! Inaishaje?"

Lisbet anasema hajawahi kupokea simu kama ile. Baba yake alimpigia kazini, akashindwa kusema, akabaki anahema kwenye simu mpaka yeye akadhani ni moyo. Mtoto alikuwa ameuliza swali. Ukurasa alipewa, ukinuka mkate, nao ulisema kwamba asubuhi ile ndugu wale walitoka wote wawili wakiwa na mashati tu, kwenye baridi ya kupasua mawe, wakaingia kanisani wakitetemeka bega kwa bega, na koti wakaliacha nyumbani lilinde mlango.

"Si haki," Signe alisema. Kisha: "Ipo nyingine?"

Mei ilipofika, Bi Hedegaard alirudi na skafu yake. Ejnar alikuwa amechana nywele na kuvunja vikombe viwili tangu asubuhi. Mkaguzi alimuuliza Signe swali lile lile la Februari. Signe aliangalia kitambaa cha meza. Halafu akaanza kusimulia, taratibu, akiwa hamtazami mtu, juu ya ndugu wawili na koti moja. Alisimulia benchi, ubatizo, msumari, vitanda. Alipofika pale, akanyamaza.

"Ehe?" Bi Hedegaard akasema. "Ikawaje?"

Signe akainua uso. "Wewe unadhani ikawaje?"

Mkaguzi alidhani kwamba kaka mkubwa anamwachia mdogo. Akaambiwa amekosea. Akadhani wanaazima la jirani. Akaambiwa amekosea tena, na kahawa yake ilikuwa imeshapoa aliponyoosha mkono kama mwanafunzi na kuomba apewe huo ukurasa. Aliusoma amesimama dirishani. Kisha akachukua kalamu, akaandika alichopaswa kuandika, akamwambia Ejnar mlangoni: "Mume wangu alisema wewe ni mtu mbaya sana. Sasa nimeelewa."

Signe alibaki kusoma na babu yake. Juni 2018 aliketi kwenye meza yenye kitambaa cha kijani kama watoto wengine wote wa nchi hii, akafanya mtihani wake wa mdomo mbele ya watu wawili asiowajua, akapata alama kumi kati ya kumi na mbili. Babu yake alishikilia mpaka mwisho kwamba ilikuwa kumi na mbili na kwamba kuna mtu alimnyang'anya mbili. Agosti ile aliingia sekondari ya juu kwa miguu yake mwenyewe, na leo yuko Aalborg anasomea ukunga. Gudrun anaomba sentensi hiyo irudiwe: anasomea ukunga. Marehemu alikubali kushindwa, kwa shingo upande.

Kuanzia mwaka 2020 macho yake yalianza kumwacha kwa njia ya kikatili kuliko zote kwa mtu wa aina yake. Aliona kingo za kitu lakini si katikati, hivyo kwenye kitabu aliona pambizo tu. Signe alianza kuja kila mwisho wa wiki kumsomea, na sasa mchaguzi akawa yeye. Haikuwa kazi nyepesi kumpatia Ejnar hadithi ya zamani asiyoijua. Signe alizunguka maduka ya vitabu vilivyotumika, alipekua masanduku ya minada, na mara nyingi alisoma mistari miwili tu kabla ya kusikia kutoka kwenye kiti cha babu: "Anazama, huyo. Ifuatayo!" Lakini nyingine zilimshika. Na Signe, kwa kuwa alifundishwa vizuri, aliziondoa kurasa za mwisho na kuzitia mfukoni.

Septemba mwaka huu moyo wake ulichoka. Miguu ilivimba, pumzi ikapungua, akalazwa hospitalini, na alipoambiwa hali ilivyo aliomba kwa heshima zote arudishwe nyumbani, kwa kuwa kahawa ya hospitali ilimkosea adabu. Kitanda chake kiliwekwa sebuleni, kati ya rafu. Wauguzi wa nyumbani walikuja asubuhi na jioni, na tunawashukuru sana. Tunamshukuru pia jirani Karl Bisgaard aliyefyeka nyasi bila kuombwa, na kumruhusu marehemu alalamike kwamba hakuzifyeka sawasawa.

Jumatatu iliyopita mchana Signe alikuwa hapo, Lisbet na Gudrun pia. Signe alisoma hadithi ya mzee anayeishi peke yake ukingoni mwa nyika, ambaye kila jioni hutandika sahani mbili mezani. Watu wa kijiji humcheka, na hakuna aliyewahi kumuuliza ya pili ni ya nani. Mwaka wa theluji kubwa, njia zote zimezibwa, mzee ameketi, ameshakunja mikono kuombea chakula, mara mlango unabishwa. Signe akainua macho kutoka kwenye karatasi.

"Haya, babu. Nani yuko mlangoni?"

"Mauti," akajibu hata bila kufikiri. "Theluji, mzee, yuko peke yake, mtu anabisha hodi. Nani mwingine? Hiyo nimeifundisha maisha yangu yote."

"Umekosea."

"Sijakosea."

"Umekosea, babu. Si mauti."

Macho yake yasiyoona katikati yalizunguka chumba, kwenye pembe, kwenye rafu, na midomo ikaanza kutabasamu polepole, tabasamu ambalo wengi wenu mnalijua, la mtu aliyeshindwa kihalali.

"Basi nipe huo ukurasa."

"Hujasema ni nani. Fikiria. Nitakupa kesho."

"Mtoto mkorofi wewe! Nani kakufundisha tabia hizi?"

"Unamjua."

Jioni Gudrun alipokuwa anavaa koti aende kwake, kaka yake alimwita kwa kidole. Akainama.

"Nimempata," Ejnar akanong'ona. "Wa mlangoni."

"Nani?"

"Sikwambii. Utaropoka. Nitamwambia Signe mwenyewe."

Aliaga dunia Jumanne tarehe 5 Novemba 2024, alfajiri, kahawa ikiwa jikoni haijachemka. Alizaliwa Jumanne, akaondoka Jumanne, gizani vilevile, bila kumsubiri mkunga.

Signe alilia sana. "Ningempa tu," alikuwa anasema. "Ningempa tu jana." Na Gudrun alimwambia analowaambia ninyi nyote leo: ungempa angekurudishia. Mtu aliyeweka masharti yake kwa wana wa mwokaji, wa daktari na wa mchungaji asingekubali kupewa ukurasa kabla ya kujibu, hata na mjukuu wake, hata siku ile. Ulimpa kitu kilicho kizuri zaidi. Mtu aliyeona mauti nyuma ya kila mlango wa kila hadithi, ulimwambia kwamba safari hii amekosea, naye akaamini, akalala akiwa na hamu ya kesho. Gudrun amekaa kando ya vitanda vingi, na watu wachache sana amewaona wakilala hivyo.

Ukurasa ule Signe ameukunja na kuutia ndani ya mkono wa sweta ya kahawia, pale babu yake alipokuwa akiweka leso. Hakuna mwingine aliyeusoma. Kwa hiyo Signe anajua mwisho ambao babu yake hakuujua, na Ejnar anaondoka na jibu ambalo Signe hatalisikia, na vyote viwili viko pamoja humo ndani. Baada ya maziko mnakaribishwa nyote katika ukumbi wa kijiji kwa kahawa, mikate ya siagi na keki. Tafadhali msimwendee Signe kumuuliza aliyebisha hodi alikuwa nani. Mwambieni kwanza mnamdhania nani.

Marehemu ameacha binti yake Lisbet, mwanawe Torben na mkewe Hanne, wajukuu watatu, Signe, Frode na Malthe, dada yake Gudrun, na wanafunzi wengi mno ambao bado wanakisia. Ametanguliwa na wazazi wake, na mke wake Asta, na mkwewe Jesper.

Pumzika kwa amani, kaka. Mlango umebishwa, nawe umeenda kufungua. Si yule uliyemtaja kwanza.